Mbuzi Yenu na Mrashi wa Mama

Jumamosi, kumi la mwisho la Ramadhani, Januari 1999. Saa kumi na moja jioni.

Joto. Upepo umekata tangu juzi, nguo nilizoanika darini zimening'inia kama watu waliokata tamaa. Mpaka magharibi bado saa moja na nusu. Mfungaji kama mimi, mwenye kiu na aibu kwa pamoja, hana kazi nyingine ila kukaa, kwa hivyo naandika.

Haya yatakwenda kwenye ukurasa wangu wa mtandao Jumatatu, nikishapeleka disketi kwenye lile duka la kompyuta la Makadara. Ukurasa una wasomaji wanne ninaowajua. Mmoja ni mimi.

Leo nimemaliza kioo cha mwisho.

Nianze kwa kukiri. Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari huko Tononoka. Si mwalimu. Mimi ndiye ninayeosha vyupa baada ya walimu kueleza, na kwa miaka ishirini na miwili nimeyasikia maelezo yote kutoka nyuma ya mlango. Mtu akisikia sana kutoka nyuma ya mlango huanza kujiona anajua. Ndiyo sababu likizo hii nilimwomba mwalimu mkuu aniazime leza ya shule, ile ya mwanga mwekundu ambayo hutolewa kabatini mara moja kwa mwaka, nifanye hologramu nyumbani. Akakubali, mradi Jumatatu shule ikifunguliwa irudi kabatini. Vioo vyenyewe vya kupigia picha niliagiza kwa posta kutoka Uingereza. Vilifika vinne. Vilikuwa sita, viwili vilifika vikiwa unga.

Hologramu, kwa asiyejua, ni picha iliyomo ndani ya kioo. Unaiangalia kama mtu anayechungulia dirishani: ukienda kulia unaona ubavu wa kulia wa kitu, ukiinama unakiona kwa chini. Kile kinachong'aang'aa kwenye kadi za benki ni binamu yake maskini.

Nilitaka hologramu ya kitu kimoja tu. Mrashi wa Mama.

Mrashi huu ni wa fedha, tumbo kama komamanga, shingo ndefu, na kichwani vitundu kumi na moja. Nimevihesabu tangu utotoni. Kila harusi na kila maulidi nyumbani kwetu, Mama alisimama mlangoni akiwanyunyizia wageni marashi viganjani, na mkono wake ulikuwa na kipimo: mgeni wa kawaida mara moja, shangazi mara mbili, na mtu aliyemuudhi alipata tone moja la baridi shingoni kana kwamba kwa bahati mbaya. Mama alifariki mwaka jana. Tumebaki wawili, mimi na mdogo wangu Zuhura aliyeolewa Maskati. Zuhura alikuja mwanzoni mwa Shaabani tugawane vitu.

Siku ya kugawana, Zuhura aliunyanyua mrashi akaniangalia. Nami, mbele ya shangazi zetu wote, nikasema upesi: "Chukua wewe. Mimi mwanamume nitaufanyia nini?"

Maneno yalitoka kabla sijayaangalia.

Shangazi zetu wakanisifu kwa roho yangu safi. Mtu akishasifiwa na shangazi watatu hawezi tena kurudi nyuma. Walipoondoka nikalala chali, nikauona mrashi kwenye kabati letu la kioo, ambako ungekaa mpaka Zuhura asafiri, na nikajua kwamba nimetoa kitu ambacho sikuwa tayari kukitoa. Hapo ndipo nilipopata wazo la leza. Mrashi utakwenda na mrashi utabaki. Sitalazimika kumwambia mtu neno lolote.

Zuhura anaondoka kesho asubuhi.

Sasa, adui mkubwa wa hologramu ni mtikisiko. Chukua upana wa unywele, uugawe vipande mia. Kitu kikisogea hata kipande kimoja wakati kioo kinapigwa mwanga, kwisha habari yake. Picha ya kawaida iliyotikiswa hutoka na ukungu. Hologramu iliyotikiswa haitoki kabisa. Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, ya mawe na boriti, na ghorofani mtu akishusha kikombe chumba kizima kinapata habari. Nikahamia stoo ya chini. Nikajenga meza: sanduku la mchanga juu ya tyubu tatu za baiskeli zilizojazwa upepo nusu, ili mtikisiko wa ardhi uishie kwenye tyubu. Feni marufuku, kwa sababu hata hewa ikisogea ni taabu. Taa, ya kijani na hafifu, kwa sababu vioo hivi haviogopi kijani.

Taa hiyo ya kijani ilionekana kwa nje kupitia ufa wa mlango. Mke wangu, Mama Nuru, alirudi kutoka sokoni na habari.

"Baba Nuru, mtaani waniuliza. Mwezi wenyewe huu majini wamefungwa, wewe wafanya nini humo na taa ya kijani?"

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia wapiga picha birika."

"Mrashi."

"Niliona nikisema mrashi ndio itakuwa mbaya zaidi."

Kwa nini nisifanye usiku, watu walalapo? Kwa sababu usiku wa Ramadhani mtaa wetu haulali. Asubuhi nayo ni ya mikokoteni. Nikachagua saa nane mchana, baada ya adhuhuri, wakati wafungaji wote wamelala chali wakihesabu boriti.

Kioo cha kwanza, Jumanne. Nilikipiga mwanga, nikakiogesha kwenye dawa ya kwanza, ya pili, na maji, nikakikausha, nikakipeleka kwenye jua la uani nikakichungulia. Nikamwona Mama Nuru upande wa pili. Kilikuwa kioo cha dirisha.

Nilirudi stoo kutafuta kosa. Hapa naomba nijisifu kidogo, maana nafasi nyingine ya kujisifu haimo katika maandishi haya. Niliweka kipande cha kioo cha kujitazamia juu ya ule mchanga, nikakipiga leza, mwanga ukaruka mpaka ukuta wa mbali ukawa nukta nyekundu. Nukta hiyo inakuza kila mtikisiko. Nikakaa kuitazama. Ilitulia. Kisha ikaanza: mtikisiko mrefu, mrefu, mrefu, mfupimfupi, kimya. Tena mrefu, mrefu, mrefu, mfupimfupi, kimya.

Nimezaliwa Mombasa. Mwendo huo naujua kabla sijaujua mwendo wa moyo wangu. Mtu alikuwa anakuna nazi. Mirefu ni nyama ya katikati, mifupi ni kando ya kifuu, na kimya ni kuchukua kifuu kingine.

Ukuta wa stoo yangu ndio ukuta wa jikoni kwa jirani, Bi Rukia. Bi Rukia huuza futari mlangoni pake: mbaazi za nazi, mihogo ya nazi, na vitu vingine ambavyo si haki kuvitaja saa hii. Ramadhani hukuna nazi kumi na mbili kila siku, akikalia mbuzi yake huku ameuegemea ukuta huo huo.

Kumwendea mwanamke mtu mzima, amefunga, amechoka, ukamwambia aache kazi yake kwa sababu ya nukta nyekundu, kulinishinda. Nikaandika barua. Naiandika hapa kama ilivyokuwa, kwa sababu heshima yangu inaitegemea:

"Assalaam alaykum. Majirani zangu wapenzi, nina kazi nyeti upande wa pili wa ukuta wenu. Naomba radhi, mbuzi yenu inanitikisia picha. Kama itawezekana, kuanzia kesho ipumzishwe baada ya adhuhuri kwa saa moja. Jirani yenu."

Nikaipenyeza chini ya mlango.

Kesho yake adhuhuri nilisikia fujo kichochoroni: watu wanavutana, mtu anasema shika miguu, mlango wa gari unafungwa. Nikafurahi, nikafikiri wageni wa Bi Rukia wanaondoka. Saa nane nikapiga kioo cha pili.

Kioo cha pili kilitoa picha. Nusura nilie. Mrashi ulikuwepo, na nyuma yake sinia la shaba nililolisimamisha kama pazia. Lakini ulikuwa umepigwa mistari myeusi kutoka shingo mpaka kitako, kama umevishwa kikoi. Mistari maana yake ni mtikisiko mdogo. Si wa kufuta picha, ni wa kuichana tu. Nikaitazama nukta ukutani. Mrefu, mrefu, mrefu, mfupimfupi, kimya.

Nikavaa kofia nikaenda kubisha hodi.

Bi Rukia alifungua mlango mkono ukiwa na machicha mpaka kwenye kiwiko. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetendewa jambo.

"Karibu, Fundi. Picha zimetulia sasa?"

"Bado kidogo, Bi Rukia. Nilikuwa nauliza kuhusu ile mbuzi."

"Mbuzi si tumemtoa? Tumempeleka Tononoka kwa binamu. Kwa teksi."

"Kwa teksi?"

"Angekwenda na nini, na jua hili? Na dereva alitaka tumlipie kama abiria, maana alikaa kitini."

Hapo nikakumbuka. Kulikuwa na mbuzi. Wa miguu minne, mweupe, wa kuchinjwa akika ya mjukuu wao baada ya Idi, amefungwa kwenye upenyo mwembamba nyuma ya nyumba. Mnyama mpole kabisa. Tangu aletwe sikumsikia hata kukohoa.

"Bi Rukia," nikasema, "mimi nilimaanisha mbuzi ya nazi."

Alinitazama. Akatazama machicha mkononi mwake. Akageuka kuelekea ndani akaita bila kupaza sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi: "Mzee Faraji. Njoo. Mbuzi si yule."

Mzee Faraji, mumewe, alikuwa karani wa bandari Kilindini kwa miaka thelathini, na tangu astaafu hana barua za kusahihisha ila za majirani. Alitoka na barua yangu mkononi. Ilikuwa imepigwa kalamu nyekundu. "Yenu" amekata, ameandika "wenu". "Inanitikisia" amekata, ameandika "ananitikisia". "Ipumzishwe" amekata, ameandika "apumzishwe", na pembeni ameweka alama ya mshangao, moja, ndogo, ya huruma.

"Mzee wangu," nikasema, "niliandika sawasawa. Mbuzi ya nazi ni chombo. Mbuzi yenu inanitikisia. Hakuna kosa hata moja."

"Sasa naona," akasema Mzee Faraji. "Lakini jana nilimwambia mama, huyu masikini amesoma sayansi, ngeli zimempita. Tumsaidie hivyo hivyo alivyo."

"Ukampakia mbuzi kwenye teksi kwa sababu ulifikiri sijui Kiswahili?"

"Niliona ni mtu mwenye shida mbili."

Bi Rukia alikuwa ameufunika uso kwa upande wa leso, na mabega yake yalikuwa yanafanya mtikisiko mrefu, mrefu, mrefu, mfupimfupi.

Alipomaliza kucheka alinitengenezea mambo kuliko mhandisi yeyote. Akasema kuanzia Alhamisi nazi zake atazikuna asubuhi baada ya alfajiri. Kisha akajifunga leso, akapita mlango kwa mlango, nyumba tisa, akatangaza kwamba kuanzia saa nane mpaka saa tisa hakuna mbuzi, hakuna kinu, hakuna mtoto kurusha mpira ukutani, Fundi anampiga picha mamake. Nilimsahihisha: mrashi wa mamangu. Akasema hilo la kwanza linaeleweka upesi zaidi.

Mbuzi mwenyewe amebaki Tononoka. Habari zilizofika ni kwamba amekula pazia.

Kioo cha tatu, Alhamisi. Mtikisiko umekwisha. Mistari hakuna. Na mrashi pia karibu hakuna: nyota tatu nne kali zinachoma macho, na kati yake giza. Nilikaa na kioo hicho muda mrefu kabla sijaelewa. Fedha iliyong'arishwa ni kama kioo cha kujitazamia, mwanga wote inautupa upande mmoja na kwingine haipeleki kitu. Lakini Jumatano haikuwa imeng'aa hivyo.

"Mama Nuru, umeugusa mrashi?"

"Nimeusugua kwa majivu na ndimu. Wataka ukapigwe picha na uchafu wa mwaka mzima?"

Ulipendeza kama bibi harusi. Dawa ya mng'ao huo ni kuufifiza, na cha kuufifizia nilichokuwa nacho ni poda ya Mama Nuru mwenyewe, ambayo nimeimaliza. Mrashi, sinia, kanzu yangu na nyusi zangu, vyote vikawa na rangi moja. Mama Nuru alichungulia akasema sasa mrashi na mpigaji wanafanana umri.

Ijumaa sikufanya kitu. Kioo kilibaki kimoja.

Kisha leo.

Zuhura alifika saa saba unusu kutoka kwa shangazi alikofikia, amevaa buibui la safari, mikoba yake imeshafungwa. Alitaka kuona. Nilimwonyesha meza yangu ya mchanga na tyubu, naye akatikisa kichwa kwa upole, kama alivyokuwa akitikisa tulipokuwa wadogo na mimi natengeneza redio isiyosema. Nikamwambia asiguse kitu, nikapanda juu kuswali adhuhuri niliyokuwa nimeichelewesha.

Nilishuka. Zuhura alikuwa ameshatoka stoo, amekaa ngazini na Mama Nuru. Nikaingia peke yangu, nikafunga mlango, nikaweka kioo mahali pake gizani. Nikangoja robo saa ili mchanga na hewa vitulie. Jasho lilinitiririka kutoka kofiani mpaka miguuni, na nilikuwa nimekaza mkono nisiifute hata pua.

Kule nje mtaa ulinyamaza. Sijapata kuusikia Mji wa Kale ukinyamaza mchana. Nyumba tisa, hakuna mbuzi, hakuna kinu, hata mtu aliyekuwa akikohoa alijizuia. Nilijua wote wako nyuma ya milango yao wanafanya hivyo kwa ajili ya kitu wasichokielewa, kwa sababu Bi Rukia aliwaambia ni mama. Nikainua kadi nyeusi iliyozuia leza. Nikahesabu mpaka kumi. Nikaishusha.

Dawa ya kwanza, dawa ya pili, maji. Nikakausha. Nikatoka nacho uani kwenye jua, na hapo walikuwa wamejaa: Mama Nuru, Zuhura, Bi Rukia, na Mzee Faraji na miwani yake.

Nikakiinua kioo kwenye mwanga.

Sinia lilitoka. Nasema lilitoka: kila ua lililochongwa, kila mkwaruzo, unaona limesimama kule nyuma ya kioo mpaka unataka kulishika. Hakuna mstari, hakuna doa. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na mbele ya sinia hilo, mahali pa mrashi, kulikuwa na shimo.

Shimo jeusi lenye umbo la mrashi. Tumbo la komamanga, shingo ndefu, kichwa. Ukisogeza kichwa kulia, giza nalo linasogea, linafunika maua mengine ya sinia. Mrashi wenyewe haumo, ila nafasi yake imo yote.

"Kivuli kizuri sana," akasema Mzee Faraji.

"Umeona haya," akasema Bi Rukia. "Watu wengi mno."

Mimi nilikuwa nimekwisha jua maana yake. Kila kitu kilitulia isipokuwa kimoja. Kitu kinachosogea peke yake hujifuta peke yake. Nikarudi stoo mbio, nikaushika mrashi. Ulikuwa wa baridi. Poda ilikuwa imegeuka utelezi, na matone ya umande yanateremka tumboni. Na ulikuwa mzito.

"Zuhura, umetia nini humu?"

Alisimama mlangoni. "Marashi ya mawaridi. Nilichukua chupa kwenye friji yenu."

"Kwa nini?"

"Mama aliweka lini mrashi mtupu mbele ya watu, Kaka? Nimeona wataka kuupiga picha hauna kitu ndani. Nimeona vibaya."

Hilo ni kweli. Mama asingeutoa mrashi mtupu hata kwa mgeni wa dharura, alikuwa akisema ni kumwonyesha mtu mkono uliokunjwa. Mimi fundi wa maabara, niliyepima nukta ukutani na kuhamisha mbuzi mpaka Tononoka, sikulikumbuka. Zuhura alilikumbuka. Na fedha iliyojaa marashi baridi katika stoo yenye joto kama tanuri hutanuka kidogo kidogo inapopata moto, kipande cha kipande cha unywele, kimya kimya, kwa zile sekunde kumi zote.

Ningemweleza hayo. Nilifungua mdomo nimweleze habari za kutanuka kwa metali.

Nikasema: "Niliutaka."

"Nini?"

"Mrashi. Niliutaka mimi. Siku ile nilisema chukua wewe, na nilikuwa nautaka. Na sasa vioo vimekwisha, leza yarudi Jumatatu na wewe unaondoka kesho, na mimi nimebaki na shimo."

Zuhura alivua miwani yake. Nilitegemea aseme maneno laini. Nilikuwa nimeshajitayarishia jibu la maneno laini.

"Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili nangoja useme. Wajua nimelala vipi tangu siku ile? Nimelala nikifikiri Kaka hautaki. Kitu alichokishika Mama kila harusi, Kaka amekitoa kama mtu anayetoa gazeti alilokwisha kulisoma. Nimeuchukua kwa huzuni. Nilisema, basi, ninayeukumbuka ni mimi peke yangu."

"Nilikuwa nakuonyesha roho safi."

"Nani alikuuliza roho safi?"

Niliona basi, hapa ndipo atakaponiambia nibaki nao. Nikasema, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba kama anaona vema unaweza kubaki.

"Ah-ah," akasema Zuhura. "Nauchukua."

"Lakini nimekwambia nautaka."

"Ndiyo nauchukua vizuri sasa. Na mimi nautaka. Mwanzo nilikuwa nachukua kitu kisichotakiwa na mtu, sasa nakunyang'anya."

Tukagombana. Sikumbuki lini mara ya mwisho niligombana na Zuhura, labda ni habari ya ile redio. Tuligombana nusu saa nzima humo stoo, wazee wawili, mmoja ana poda kwenye nyusi. Nilimwambia mimi ndiye mkubwa. Akaniambia yeye ndiye aliyekuwa akiujaza. Nilimwambia nani alivihesabu vitundu. Akasema vitundu ni kumi na viwili, mimi nimehesabu vibaya tangu utotoni, tukauinua tukahesabu pamoja, na viko kumi na viwili. Kimoja kimezibwa na majivu ya Mama Nuru, na kabla ya majivu kilizibwa na miaka. Nyuma ya ukuta Bi Rukia alikuwa hakuni kitu. Alikuwa anasikiliza, na sikumlaumu, alishatuazima ukimya wa mtaa mzima.

Mwisho akaketi kwenye gunia la mchele, akaniambia nikinge viganja. Akaninyunyizia. Mara mbili, kipimo cha shangazi. Kisha tone moja la baridi shingoni.



Mrashi unakwenda Maskati. Hilo lilikuwa limeshaamuliwa na mtu mwenye tikiti. Tuliloafikiana ni kwamba utarudi binti yangu Nuru atakapoolewa, na kwamba hakuna wa kumharakisha. Zuhura alitaka nimpe kile kioo cha shimo akaonyeshe watu. Nimekataa. Ndicho kitu cha kwanza nilichomkatalia tangu mazishi, na alionekana kufurahi.

Nimekisimamisha dirishani hapa ninapoandika. Jua limeshuka, sinia linafifia, lakini giza la umbo la mrashi bado laonekana, na ninapoinuka kwenda kuangalia saa nalo linageuka kunitazama. Nilitaka picha ya mrashi ili nisiseme neno. Sijui ningeipata, ningekaa nayo miaka mingapi kimya, nikijisifu kwa roho yangu safi.

Harufu ya mbaazi imeanza kuja kupitia ukutani. Bado nusu saa.

Kesho saa mbili asubuhi nitampeleka Zuhura uwanja wa ndege. Nimekwisha mwambia mkoba wa mrashi nitaubeba mimi mpaka mlango wa abiria, na kwamba sijaahidi kuuachia.